Uchambuzi wa kisa: Matubwitubwi Ujiji, na zile siku 17 za kimya

Kisa hiki kimetokea Ujiji, nyumba ya tatu kutoka ninapoishi, na familia wamenikubalia nikiandike ila majina sitataja. Mimi ni tabibu, nafanya kazi zahanati, kwahiyo wagonjwa wa matubwitubwi (wengine mnaita machubwichubwi) nawaona kila mara, ila hawa niliwafuatilia kuanzia mwanzo mpaka mwisho kwa sababu ni majirani, na kwa sababu kisa kimoja kilionyesha karibu kila kitu ambacho watu wanakielewa kinyume kuhusu huu ugonjwa.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mama wa mtoto kanigongea mlango kabla sijatoka. Kamshika mkono mwanae wa miaka 7. "Dokta samahani, hebu mwangalie, jana alikuwa analalamika sikio, leo kaamka uso umekuwa wa mtu mwingine. Nadhani ni mafindofindo."

Nikamkalisha barazani. Shavu la kushoto limejaa kuanzia mbele ya sikio mpaka chini ya taya, na ndewe ya sikio imesukumwa juu na nje, ukimwangalia kwa nyuma unaliona sikio moja limekaa tofauti na lenzake. Nikapitisha kidole kutafuta ile kona ya mfupa wa taya, sikuipata, imefunikwa. Hiyo ndo inayotofautisha tezi ya mate na matezi ya shingo ya mafindofindo, maana matezi ya shingo yanavimba chini ya taya na kona ya mfupa unaigusa vizuri tu. Nikamwangalia koo, safi. Ndani ya shavu, pale pembeni ya gego la pili la juu, kile kitundu cha mate kimekuwa chekundu na kimetuna kidogo, nikaminya tezi taratibu usaha haukutoka. Joto 38.3. Kwa huku kwetu Kigoma homa yoyote ya mtoto lazima ipimwe malaria, tukapima baadae zahanati, hana.

Mama yake ndo akanipa kitu kilichomaliza ubishi. Kasema jana usiku alimpa mgebuka wa kuchoma kaukamulia ndimu, mtoto kaweka tonge moja mdomoni akapiga kelele, kashika shavu machozi yanamtoka, kasukuma sahani. Mama kadhani ana mwiba. Hakuna mwiba pale. Kitu kichachu kikigusa ulimi tezi inaamrishwa kumwaga mate kwa nguvu, na tezi iliyojaa maji na chembe za damu, na njia yake imebanwa, ikisukuma mate inauma kama kisu. Mtoto akikataa ndimu au ukwaju ghafla, na shavu linajaa, muulize maswali mengine lakini jibu umeshalipata nusu.

Sasa shida ikaanza pale nilipotamka jina la ugonjwa. Mama akageuka kumwangalia wifi yake, aliyekuwa kakaa mlangoni na mtoto wake. Huyo wifi katoka Kasulu Ijumaa iliyopita, mwanae alikuja na kikohozi. "Unaona sasa? Wameleta wao." Wifi hakujibu kitu, akainuka akaingia ndani, na mchana nikasikia anakunja nguo arudi kwao. Bibi wa nyumba anajaribu kusuluhisha hakuna anayemsikiliza.

Jioni nikaenda kwao, nikaamkia "bibi shikamoo", nikaomba kalenda ile ya ukutani. Maana hapa huwezi kumhukumu mtu kwa macho, inabidi uhesabu. Matubwitubwi kutoka kirusi kuingia mpaka shavu kuvimba ni siku 16 mpaka 18 kwa kawaida, inaweza kuwa 12 kwa uchache na 25 kwa wingi. Wifi kafika Ijumaa, mtoto kavimba Jumanne, ni siku 4. Haiwezekani. Hata kama mwanae angekuwa na matubwitubwi ya uhakika, siku 4 hazitoshi. Nikarudi nyuma kwenye kalenda siku 17, kidole kikaangukia Jumamosi, nikauliza hii Jumamosi mtoto alikuwa wapi?

Bibi akasema palepale, "Tulikuwa Tabora kwenye harusi, mimi na yeye, tulienda na treni." Walilala kwa ndugu, watoto sita kwenye jamvi moja, wanakunywa maji kikombe kimoja. Nikamuomba apige simu. Akapiga, kaweka sauti ya nje, salamu ndefu za harusi, afu akauliza kama kuna mtoto aliugua. Wa kule akajibu kuna mmoja kavimba mashavu yote mawili Jumatatu baada ya harusi, ila siku ya harusi alikuwa mzima kabisa anacheza ngoma.

Jumamosi mzima, Jumatatu kavimba. Huyu kirusi anatoka kwenye mate kuanzia kama siku 2 kabla ya uvimbe mpaka siku 5 baada yake. Yaani aliyewaambukiza wenzake alikuwa ni mtoto ambaye hakuna mzazi hata mmoja angemzuia kulala kwenye lile jamvi. Mama wa mtoto alikaa kimya muda, afu akaingia chumbani kwa wifi yake. Walichoongea sijui, ila lile begi lilifunguliwa.

Sasa tuje kwenye swali la msingi, ndani ya hizo siku 17 mwili ulikuwa unafanya nini? Maana watu wanadhani ugonjwa unaanza siku ya kuvimba, wakati siku ya kuvimba vita imeshafika mbali sana.

Kirusi kinaingia kwa njia ya pua na koo. Juu ya ngozi yake kina protini mbili za muhimu, moja inashika sukari ya asidi ya sialiki iliyopo kwenye ukuta wa seli zetu, nyingine inayeyusha ukuta wa kirusi na wa seli viwe kitu kimoja ili kile kilichomo ndani kimwagike. Seli ikishaingiliwa kawaida inatoa intaferoni, hiyo ni kemikali ya kupiga ukunga, kuwaambia seli jirani fungeni milango. Jirani akisikia ujumbe unapita ndani yake kupitia protini zinazobeba taarifa, mojawapo inaitwa STAT1, mpaka kwenye kiini, na jeni za kupambana na virusi zinawashwa. Matubwitubwi wanajua hapo. Wanatengeneza protini yao inaitwa V, inaikamata STAT1 na kuipeleka kwenye mashine ya seli ya kuvunjavunja protini chakavu. Mjumbe kauawa njiani. Ukunga unapigwa ila ndani ya nyumba hausikiki, na kirusi kinaendelea kuzaliana kwenye koo na kwenye matezi ya karibu, mtoto anacheza, anakula, anapanda treni kurudi Kigoma.

Lakini sio kwamba kinga imelala kabisa. Kuna chembe za ulinzi zinazookota vipande vya kirusi na kuvipeleka kwenye matezi, kule ziko chembe T na chembe B za aina mamilioni, kila moja imezaliwa inatambua umbo moja tu, na zile chache zinazotambua umbo la huyu kirusi lazima zipatikane, ziamshwe, zigawanyike, moja iwe mbili, mbili nne, mpaka liwe jeshi. Kwa mwili ambao haujawahi kumuona huyu adui kazi hiyo inataka siku nyingi, sio masaa. Wakati huo huo kirusi kimeshaingia kwenye damu na kinasafiri: tezi za mate, kongosho, korodani, ovari, utando wa ubongo. Ni mbio za wawili, mmoja anasambaa na mwingine anaandaa watu.

Afu jeshi linafika. Chembe T zinaingia kwenye tezi ya mate, makrofaji nazo (chembe za ulinzi zinazomeza virusi na seli zilizokufa), mishipa midogo inalegea na kuvuja maji, katikati ya vijumba vya tezi panajaa. Lile shavu alilokuja nalo mtoto Jumanne ni hilo. Kirusi ndo chanzo, kinaua seli za mifereji ya mate kweli, ila ule ujazo unaouona ni maji na chembe zetu wenyewe zilizokuja kupigana. Homa hivyohivyo, tunaipandisha wenyewe. Na seli za tezi zikivurugwa kimeng'enya cha amilesi kinavujia kwenye damu, ndo maana hospitali zenye maabara wakipima amilesi wanaikuta juu.

Kingamwili za kwanza, IgM, zinakuwa zimeshaanza kuonekana kwenye damu siku hizo za kuvimba, zinapanda ndani ya wiki. IgG zinafuata nyuma yake, hizo zinakaa miaka mingi. Na kwenye mate yenyewe zinatokea IgA, zinakifunga kirusi kisiweze kushika seli nyingine, na kadiri zinavyoongezeka kirusi kinapotea mdomoni. Hesabu ya siku 5 za kumtenga mgonjwa inaendana na hapo. Kwahiyo nilimwambia mama, mtoto asiende shule wala madrasa mpaka Jumapili ipite, kikombe chake na sahani yake, ila ajue kuanzia Jumapili iliyopita alikuwa tayari anaambukiza wakati hakuna aliyejua.

Akaniuliza dawa. Parasetamo ya homa na maumivu, maji mengi, uji, vitu visivyo vichachu, kitambaa cha maji ya baridi shavuni. Basi. Bibi alikuwa ameshampaka majivu na mawese ya uvuguvugu, nikamwambia bibi kupaka haidhuru ila usikande, usibonyeze, tezi imejaa utamuumiza bure. Akanielewa. Siku ya pili shavu la kulia nalo likajaa, nikawaambia msishtuke, ni kawaida kwa wengi.

Mama akaleta kadi ya kliniki, ameikunja kwenye nailoni, anataka kulia. "Dokta mbona nimemchanja zote? Angalia." Kweli kamchanja zote, kadi safi kabisa, ni mama makini. Ila chanjo ya watoto wetu Tanzania tangu 2014 ni ya surua na rubela, miezi 9 na miezi 18, matubwitubwi haimo humo. Ile ya tatu kwa moja yenye surua, matubwitubwi na rubela ipo nchi nyingine, na kirusi kilichodhoofishwa cha matubwitubwi kilichomo kwenye nyingi ya chanjo hizo kinaitwa Jeryl Lynn, jina la binti wa mtafiti Maurice Hilleman wa Marekani, binti huyo aliumwa 1963 baba yake akachukua sampuli kooni kwake, akaikuza kwenye mayai na seli za kuku mpaka ikadhoofika. Nilitaka huyo mama aelewe kwamba hakukosea kitu.

Kitu kingine nilichomuonyesha ni nyumba yake mwenyewe, maana ndani ya nyumba moja kinga ilijionyesha kwa namna nne. Yeye mama aliugua akiwa mdogo, safari hii kalala na mgonjwa kitanda kimoja hana hata mafua: chembe za kumbukumbu zilikuwepo tayari, kirusi kikiingia hakipewi nafasi. Mtoto wake mchanga wa miezi 5 naye salama, IgG za mama zilipita kwenye kondo la nyuma kabla hajazaliwa na bado zinamlinda, ndo maana matubwitubwi kwa watoto wa chini ya mwaka ni nadra. Dada mtu wa miaka 10 alipata homa kidogo siku mbili na pua kutiririka kwenye wiki ya tatu baada ya mdogo wake kuvimba, shavu halikuvimba hata kidogo, na hapo siwezi kuapa bila kipimo cha damu ila inawezekana sana aliupata, kwa sababu watu 15 hadi 30 kwa kila 100 wanaupata bila uvimbe wowote. Na wa nne ni mjomba.

Mjomba ana miaka 24, anavua dagaa Kibirizi. Kwa kawaida asingekuwepo nyumbani usiku. Ila wavuvi wa dagaa mnajua, taa inavuta dagaa kwenye giza, mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga na taa yako haina maana, kwahiyo wanapumzika. Wiki ile ilikuwa mbalamwezi. Mjomba alilala chumba kimoja na mtoto, wakala sahani moja, kuanzia kabla ya uvimbe. Nilimuuliza kama aliwahi kuugua utotoni, kasema hakumbuki, mama yake (yule bibi) akasema hapana.

Siku 16 baada ya mtoto kuvimba, Alhamisi, mjomba akavimba mashavu yote mawili. Ilikuwa giza, msimu wa kazi, na usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ziwani na wenzake. Akapita duka la dawa akauziwa amoksilini, akameza siku tano. Hapa naomba niseme kwa uchungu kidogo, amoksilini inazuia bakteria kujenga ukuta wake, kirusi hakina ukuta huo, hakuna kitu cha kuzuiwa. Muuzaji alimuona mtu kavimba akatoa kapsuli. Pesa ile angenunua parasetamo na ndizi na akabaki na chenji.

Siku ya tano mashavu yakaanza kushuka, akaniambia dokta nimepona. Jumatano, siku ya 6, homa ikarudi ghafla 39.4, baridi, kutapika, na korodani ya kushoto. Nilimkuta anatembea miguu ameipanua, mkono mmoja umeshika kikoi mbele kisimguse, jasho linamtoka, anaona aibu kuniambia mbele ya dada yake. Tukaingia ndani. Imevimba karibu mara mbili ya mwenzake, ngozi nyekundu, ya moto, hata shuka ikigusa anaruka.

Korodani ya kijana ikiuma ghafla kitu cha kwanza cha kuogopa sio matubwitubwi, ni korodani kujinyonga kwenye mshipa wake, ile ukichelewa masaa sita hivi inaweza kufa, ni ya upasuaji. Kwake ilianza taratibu kwa masaa mengi, ana homa, na mashavu wiki moja nyuma, lakini sikutaka kubahatisha, nikampa rufaa siku hiyohiyo akapigwe utrasaundi. Damu inaingia vizuri, tena imezidi, maana yake ni uvimbe wa kinga sio kujinyonga.

Alichoshindwa kuelewa ni kwanini iwe sasa, mate yameshakuwa safi, mashavu yamepungua. Nikamwelezea hivi. Kirusi kilipita kwenye damu kabla kingamwili hazijafika, kikaacha mzigo kwenye korodani. Baadae kingamwili zikasafisha damu, IgA zikasafisha mate, lakini kile kilichokuwa kimeshaingia ndani ya seli kule chini kiliendelea, mpaka seli zenyewe zikatoa kemikali za kuita msaada, na jeshi likafika huko nako. Korodani kwa kawaida ni sehemu ambayo kinga hairuhusiwi kuingia hovyo, kuna kizuizi kati ya damu na mirija ya mbegu, kwa sababu mbegu zinaanza kutengenezwa mtu akibalehe na kinga inaweza kuziona ngeni. Sasa vita ikipigwa hapo kizuizi kinavunjika. Na baya zaidi, shavu lina ngozi laini, linavutika, maji yakijaa linatuna tu. Korodani imefungwa kwenye koti jeupe gumu lisilovutika, maji yakijaa shinikizo linapanda, damu inabanwa, tishu inakufa. Uvimbe uleule wa kinga ulioonekana mchezo usoni, huku chini unaharibu.

Hili ni jambo la zamani sana, Hippocrates aliandika karne ya 5 kabla ya Kristo kwenye kisiwa cha Thasos, watu wanavimba karibu na masikio na baadhi yao korodani inauma. Kwa wanaume waliobalehe wasiochanjwa wakiugua matubwitubwi, wanaovimba korodani ni kama 15 hadi 30 kwa 100, mara nyingi upande mmoja.

Tiba ilikuwa kulala, taulo iliyokunjwa chini kuinyanyua korodani, barafu iliyofungwa kitambaani dakika chache chache, ibuprofeni baada ya kula. Dada yake alikuwa anabadilisha vitambaa bila kusema neno, anaviacha mlangoni anagonga anaondoka, ili kaka asione haya. Nikawaambia dalili za kurudi haraka: kichwa kuuma sana na shingo kukaza, kutapika bila kukoma, sikio kuacha kusikia ghafla. Haikutokea hata moja. Siku ya nne homa ikaisha.

Kulikuwa na wale wenzake wanne wa mtumbwi waliokunywa naye chai kikombe kimoja usiku ule wa mwisho. Nikakaa na mkuu wao tukahesabu, kama kuna atakayeugua itakuwa kuanzia siku ya 12 na zaidi ni kama siku ya 16, mbalamwezi tena, watakuwa majumbani na watoto. Watatu waliugua utotoni. Wa nne hakujua, akakubali kulala peke yake na chombo chake mwenyewe kuanzia siku ya 10. Siku ya 17 shavu la kulia likajaa. Ana watoto wawili, nimewafuatilia mpaka siku ya 25 baada ya hapo, hakuna aliyevimba.

Mjomba nilimpima tena mwezi wa tatu tangu augue. Ya kushoto imepungua, laini kidogo kuliko ya kulia, na hiyo hutokea kwa theluthi mpaka nusu ya korodani zilizovimba hivyo. Akaniuliza swali alilokuwa ameliweka muda wote, "Dokta, nitapata mtoto?" Nikamwambia ya kulia haikuguswa, inatengeneza mbegu, ugumba kamili baada ya matubwitubwi ni nadra hata kwa wanaovimba zote mbili, na kama akitaka uhakika kuna kipimo cha mbegu hospitali kubwa, aende baada ya miezi michache mingine sio sasa. Akavaa, akasimama mlangoni kidogo. Akasema ataenda na mchumba wake.